Aliyekuwa Akiilipia Mkungu

Fausta mwanangu,

Salamu nazipita, maana tumetoka kunywa chai pamoja sasa hivi na nimekuona hujambo. Wewe umeenda kuaga kwaya. Bibi yako yuko nyuma ya nyumba anababua majani ya mgomba ya kufungia mihogo yako ya safari. Mimi nimejifungia hapa steshenari, nimegeuza kile kibao cha "Tumefunga", na nimechukua kalamu kwa sababu yapo mambo ambayo nikikutazama usoni nitayameza. Nitaishia kukuuliza kama umeweka kanga ya kulalia.

Kwa hiyo habari za chandarua na maji ya kuchemsha hazimo humu. Baba yako anaijua Kisaki kuliko mimi, na shikamoo hujawahi kuisahau hata ukiwa na hasira. Ninachotaka kukuambia ni kwa nini kesho unaenda kusimama nyuma ya kaunta ya duka la baba yako, unauza sabuni na vocha kwa abiria wa treni, badala ya kwenda kidato cha tano. Hapa Matombo kila mtu anaamini mtihani ulikuwa mgumu. Hata wewe nilikusikia ukimwambia Bibi hivyo. Nilikuwa nje naosha masufuria, nikazidi kuyasugua ili msijue kama nasikia.

Mtihani haukukushinda, Fausta. Ni mimi.

Naona aibu kidogo kuandika "mwanangu" kwenye karatasi. Nina miaka kumi na tisa, wewe una kumi na sita. Lakini unakumbuka siku ile tulipomaliza matanga ya mama yako. Wazee wa ukoo walikukalisha mkekani, mtoto wa miaka kumi, wakanionyesha mimi kwa kidole. Mimi nina kumi na tatu, nimevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo pekee iliyokuwa haina kiraka. Wakasema, "Mama yako hajafa. Mama yako ndiye huyu." Kwetu mama mdogo ni mama, halina mjadala hilo. Wewe ukaniangalia juu mpaka chini, ukauliza mbele ya msiba mzima, "Huyu Skola? Si huyu anakojoa kitandani?" Watu walicheka na machozi bado yako mashavuni. Nilikuwa nimeacha zamani, nataka ujue.

Halafu ile siku ya kikao cha wazazi. Nilijifunga kitenge cha Bibi ili nionekane mtu mzima, mwalimu wa zamu akanikimbiza uwanjani: "Wewe binti! Darasani! Utoro gani huu?" Ukachungulia dirishani ukapaza sauti, "Mwalimu, huyo ni mama yangu." Darasa zima lilivunjika mbavu. Wewe hukucheka. Ulitoka nje ukanishika mkono ukanipeleka mpaka ofisini. Siku ile nilijiapia kwamba sitakuangusha, na niliapa kwa dhati. Naandika ili ujue nilikuangusha wapi.

Mkungu, ile programu yetu ya simu, lilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimerudi kutoka Morogoro mjini na cheti changu cha mwaka mmoja cha kompyuta, cheti ambacho kazi yake kubwa mpaka leo ni kutoa kopi za vyeti vya watu wengine. Nikawa nawaona kina Mama Anjela wanashuka mlimani na mikungu kichwani, wanapanda gari mpaka soko la Mkuyuni, wanakuta lori la wanunuzi halikuja. Ndizi zimeshakatwa, huwezi kupanda nazo mlimani tena. Basi dalali anawapa bei anayotaka yeye, wanapokea. Nikafikiri, kama wangejua kwenye simu kabla ya kushika panga kwamba Jumamosi lori lipo au halipo, na mkungu unanunuliwa kiasi gani, wengine wangeacha ndizi zikae mgombani juma moja zaidi. Ni hilo tu. Nilikuwa sitaki kubadilisha dunia.

Nikakufundisha nilichojua. Ulikuwa kidato cha tatu. Ulikimaliza kwa miezi mitatu, na mwezi wa nne mimi ndiye niliyekuwa nakaa pembeni kukuuliza, "Hapa umefanya nini?" Nilijisikia fahari. Nilijisikia na kitu kingine pia, nafuu, kwamba sasa yupo anayeweza. Hiyo nafuu ndiyo iliyokuja kutuponza.

Unakumbuka Jumapili ile baada ya misa, tulipoionyesha Mkungu kwa kikundi cha wakulima kwenye ukumbi wa parokia. Wewe ulishika simu, mimi nilitakiwa kuongea. Bei tulikuwa tumeipanga, shilingi elfu tano kwa mtu. Mzee Benedikto, mwenyekiti wao, akavua kofia akauliza taratibu, kama anavyouliza kila kitu, "Binti, nisaidie nielewe. Tukishatoa hii elfu tano, ndiyo basi?"

Jibu nilikuwa nalo. Chuoni nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya jambo hilohilo, kwa Kiingereza, nikapata alama nzuri: kwamba programu haiishi siku unapoiuza, kwamba simu zinabadilishwa mifumo kila mara na programu isipobadilika nazo inakufa, kwamba mahali inapokaa hulipiwa, kwamba lazima ujue mapema fedha ya mwaka wa pili na wa tatu itatoka wapi. Nilijua yote. Lakini nilijua kwa lugha ya karatasi ya mtihani. Kuliambia ukumbi uliojaa watu walionizidi umri, kwa Kiswahili, kwamba "mtaendelea kunilipa", sikuweza. Shuleni tulifundishwa kujibu tukiulizwa, hatukufundishwa kudai.

Nikainamisha kichwa nikasema, "Ndiyo, basi."

Wakapiga makofi. Mzee Benedikto akasema, "Mnaona? Mtoto wa kwetu. Wale wa mjini wangetuchuna kila mwezi." Wewe ukanitazama. Tukiwa njiani ukaniuliza, "Mamdogo, mwaka kesho tutalipa na nini?" Nikakujibu kwa ukali, nakumbuka, "Mwaka kesho ni mbali."

Ulifika. Zile elfu tano tano zilishalipia mwaka wa kwanza wa ile kompyuta ya nje ya nchi tuliyopanga, seva, mahali Mkungu inapokaa, na zikabaki kidogo tukanunua simu mbili za majaribio. Watu wapya wa kujiunga hawakuwepo. Aliyeihitaji alikuwa ameshanunua, na aliyenunua alikuwa ameshaambiwa basi. Kila aliyejiunga alikuwa mzigo mmoja zaidi usio na mbebaji. Sikuweza kurudi ukumbini kusema nilikosea. Ningeweza, bwana. Miguu ilikuwepo. Ni uso tu.

Ndipo nikajifanya mjanja, nikamwendea Bibi anisimulie habari za ngoto. Unajua zamani mtu aliyepewa na ukoo wetu kipande cha kulima alikuwa akivuna analeta kitu kidogo, kikapu cha mpunga, kuku, ndizi. Bibi alinisahihisha nilipoita kodi. "Si kodi. Si bei. Ni mtu kusema, bado nalima hapa na sijasahau ni kwa nani." Nikamuuliza kwa nini ilikwisha. Akacheka kidogo. "Wao waliona aibu kuleta, sisi tukaona aibu kuuliza. Basi."

Nikaona nimepata njia. Sitaomba ada, nitaomba ngoto ya Mkungu. Neno wanalijua wenyewe, halinichomi mdomo. Nikamnong'oneza Mzee Benedikto, akafurahi mno, akalitangaza yeye mwenyewe. Na watu wakaleta, Fausta, hilo ndilo linaloniuma, hawakuwa wagumu hata kidogo! Walileta ndizi. Walileta nazi, mdalasini, mananasi, yule jogoo aliyekuwa anakudonoa. Ua wetu ulijaa mikungu hadi Bibi akawa anapita upande. Ulikuwa unaimba kila asubuhi, "Leo tunakula seva, kesho tunakula seva." Nilicheka mpaka nikasahau kwamba wenye kompyuta ile hawapokei jogoo. Nilipaswa kusema neno moja tu, "fedha taslimu." Sikulisema. Niliona kusema "leteni fedha" kutaiharibu ile heshima yote, kutaigeuza ngoto kuwa bili.

Basi nikaamua kuziuza ndizi mwenyewe. Nikakodi pikipiki tatu mpaka Mkuyuni na ile mikungu yote, Jumamosi ya soko, na mimi unavyonijua, mtu akiniambia "punguza" nami nimeshapunguza. Nilimpa dalali wa kwanza kwa bei aliyoitaja bila hata kumjibu. Nageuka, Mama Anjela yuko nyuma yangu na mzigo kichwani.

"Skola. Huo mkungu wenye kamba ya bluu si ndio niliokuletea juzi?"

Nikasema ndiyo.

"Umeuuza ngapi?"

Nikamtajia. Akatua mzigo wake chini polepole.

"Basi na mimi leo nitauza hivyohivyo. Mwanangu, umetushushia bei kwa ndizi zetu wenyewe."

Na wewe ulikuwa nyumbani, ukapokea bei ya siku kutoka sokoni, ukaiingiza kwenye Mkungu kwa uaminifu kama kazi ilivyotaka. Mlimani wakaiona. Wengi wakaacha kukata, na mchana bei ilipopanda hawakuwepo. Hakuna aliyenitukana. Walipunguza tu kuleta ngoto, mmoja mmoja, kimyakimya, mpaka ikawa hakuna.

Wale wageni wa mradi walikuja kipindi hicho, unakumbuka, wenye fulana zinazofanana. Waliipenda Mkungu, wakapiga picha na Mzee Benedikto akiwa ameshika simu juu chini. Wakasema wako tayari kugharamia programu mpya. Nikajikaza, nikauliza kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza huwa sijisikii kama ni mimi ninayeongea: "Na hii ambayo ipo na inafanya kazi?" Yule dada, kiongozi wao, akasikitika kabisa, namwamini alisikitika. Akasema fungu lao ni la kuanzisha, matunzo hayamo. Wakaondoka.

Sasa lile jambo ambalo hulijui lote. Shomari, dalali wa Mkuyuni mwenye malori mawili, alikuja hapa steshenari kutoa kopi ya leseni. Akaniambia, "Dada mdogo, nasikia mnahangaika na pango la ile programu. Mimi nalipa mwaka mzima. Leo hii." Nikamuuliza anataka nini. "Kitu kidogo. Watu wakiandika kwenye Mkungu kwamba Jumamosi wanaleta mikungu mingapi, mimi nione Ijumaa. Kabla sijataja bei." Alilisema huku anahesabu kopi zake, kama mtu anayeomba chenji.

Nilijua maana yake. Aliyeona mzigo mwingi unakuja atataja bei ndogo. Nilijua, Fausta, na nikasema sawa. Nilijitetea kwamba bei ndogo ni afadhali kuliko Mkungu kuzimika. Akalipa nusu, nyingine akaahidi baadaye. Nikamfungulia mlango ndani ya Mkungu, awe anaona.

Wewe ulikuja kugundua baada ya majuma manne. Uligeuza kiti ukanitazama. "Mamdogo, nani kafungua huu mlango?" Nikasema sijui. Nilikudanganya, nikainua kikombe cha uji kilichokwisha nikajifanya nakunywa, nawe ulikiona kikombe kitupu. Hukuniuliza tena. Uliufunga mlango ule palepale, na Jumamosi iliyofuata Shomari alipoona haoni kitu, nusu yake ya pili hakuileta. Hukuwahi kunisema kwa Bibi. Nilitamani sana unisemee, ili angalau mtu anigombeze.

Baada ya hapo sikutafuta tena fedha. Nikaona kuna njia rahisi kuliko zote, nayo ilikuwa inalala chumba kimoja na mimi. Pango nilililipa na kaujira kangu ka hapa, kwa kuruka mwezi na kukopa mwezi. Kazi yenyewe, kurekebisha kila simu zinapobadilishwa, kujibu watu, kuziba palipovuja, nikakuachia wewe, hata usiku uliokuwa wa Fizikia. Nilikuita fundi. Bibi akikuita uchote maji, namwambia, "Mwache, yuko kwenye Mkungu." Nilidhani nakupendelea. Kumbe nilikuwa nimempata wa kulipa.

Sasa nakuja kwenye lile juma.

Ratiba ya mtihani wa kidato cha nne niliitoa kopi mimi, kwa shule nzima. Nakala moja niliibandika hapa ukutani, juu ya mashine, bado ipo, naiona ninavyoandika. Kwa hiyo usije siku moja ukanitetea kwamba mamdogo hakujua. Ilikuwa Alhamisi simu nyingi zilipobadilishwa mfumo kwa mpigo, Mkungu ikawa inafunguka inaonyesha ukurasa mweupe. Mzee Benedikto alinipigia mara tatu. "Skola, imekuwa nyeupe kama sanda. Jumamosi ni soko." Nikajaribu mwenyewe usiku na mchana kutwa, sikuweza. Ulikuwa umeshaijenga upya mara nyingi mno, sikuwa naijua tena.

Ijumaa umetoka kwenye mtihani wa Jiografia, hata viatu hujavua, nikakwambia.

"Mamdogo, Jumatatu nina Hisabati."

"Ni kitu kidogo. Dakika tano."

"Hata kama. Sijagusa mada mbili."

"Watu wanatutegemea, Fausta."

Ukakaa chini. Hukubishana. Na hiyo "watu wanatutegemea" niliitamka kwa sauti ya mama, ile sauti ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mtu mwingine yeyote. Mbele ya Mzee Benedikto nilishindwa kusema sentensi moja. Mbele ya Shomari nilishindwa. Mtoto wangu ndiye niliyemweza.

Ukurasa mweupe uliisha Jumamosi asubuhi, na soko likaenda. Halafu ujumbe wa bei ukawa haufiki, ukaendelea kutengeneza mpaka Jumapili jioni. Nilipoingia chumbani nikakukuta umelala juu ya meza, daftari la Hisabati liko chini ya kiwiko, limefungwa. Simu yangu ikalia, ni Mzee Benedikto: "Mungu awabariki, Mkungu imerudi." Nilisimama nakusomea ujumbe ule wewe ukiwa usingizini. Nikatabasamu kabisa. Lingekuwa soko moja tu, Fausta. Ningeweza kuwaacha watu wakose soko moja, wakanisema, wakasahau. Sikuweza kuvumilia kusemwa siku moja, nikakutoa wewe.

Matokeo ulikuja kuyatazama hapahapa. Daraja la nne, Hisabati na Fizikia zote F. Ulisema, "Hisabati ilikuwa ngumu mwaka huu," nami nikasema, "Kila mtu analalamika." Ni uongo mwingine huo, hakuna aliyekuwa amelalamika.

Siwalaumu wakulima, na usiwalaumu. Walilipa walichoambiwa walipe. Shomari naye ni mfanyabiashara, aliuliza kama wanavyouliza wafanyabiashara. Kuna siku nakaa nikifikiri, kwamba kama siku ile ukumbini ningesema, "Elfu tano leo, na kila mwaka kitu kidogo cha fedha, na mwaka mtakapoacha kutoa, itazimika," pengine nusu yao wangeondoka. Tungebaki na nusu. Nusu ingetosha pango na ingemtosha fundi, na fundi angekuwa mtu mzima aliyeajiriwa, si mtoto wa kidato cha nne. Pengine. Au pengine wangeondoka wote, na Mkungu isingekuwepo kabisa, nawe ungekuwa unafungasha kwenda kidato cha tano. Nimelihesabu kila upande. Hakuna upande ambao mimi nasimama vizuri.

Jumapili iliyopita hukuja misa, ulikuwa na homa. Baada ya misa, kikundi kilipokaa ukumbini, nilisimama. Bibi alinivuta sketi akidhani nimekosea, nikabaki nimesimama. Nikawaambia nilivyopaswa kuwaambia siku ya kwanza. Nilifika mwisho.

Mzee Benedikto alivua kofia. Kisha akasema, bila ubaya, "Tulilipa, Skola. Tena hapa hapa. Ulisema basi."

"Nilisema, shikamoo mzee. Nilikosea." Sijui kwa nini niliingiza shikamoo katikati. Watu wakacheka kidogo.

Mama Anjela akasema, "Sasa tatizo liko wapi? Fausta si yupo? Kisaki mtandao upo, treni inapita. Atatengeneza akiwa hukohuko."

"Fausta hatengenezi tena."

"Amekataa?"

"Nimemkataza mimi."

Mtu mmoja nyuma, sikumwona, akauliza, "Wewe kama nani?"

"Kama mama yake."

Nilingoja wacheke. Hawakucheka, Fausta. Nilikaa chini.

Walionyosha mikono kwamba watatoa kila mwaka walikuwa kumi na mmoja. Mpaka leo mchana wameleta wanne, na mmoja kati yao ameleta papai. Haitoshi pango. Haitoshi hata robo ya pango, na fundi sijamtaja. Nimewaambia wanne wale nitawarudishia, papai tumekula.

Kwa hiyo Mkungu itabaki hewani mpaka siku iliyolipiwa iishe, au mpaka simu zibadilishwe tena, lolote litakalotangulia. Sitakuficha litakalofuata. Kuna Jumamosi kina Mama Anjela watashuka na mikungu, na lori halipo. Watauza kwa bei ya dalali kama walivyokuwa wanauza zamani. Mwaka ujao watu watakuwa wamezoea, na mtu akisema palikuwa na programu hapa Matombo, mwingine atauliza ilikuwa inaitwaje. Mimi nitakuwa hapahapa mezani. Watakuja kunisema, nami nitawasikiliza. Hilo naliweza sasa, au nitaliweza.

Wewe mwezi uliopita ulimwambia Bibi kwamba ukifika Kisaki utakuwa unaitengeneza usiku duka likifungwa. Bibi alifurahi. Mimi sikulala. Baba yako amekubali ujiandikishe kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, Hisabati na Fizikia, na saa za kusoma ulizonazo ni hizohizo za duka likifungwa. Sijui kama utafaulu. Sitakuambia utafaulu, nimeshakuahidi mengi. Kisaki ni mbali, mwalimu wa Hisabati sijui kama yupo, na baba yako ana watoto wengine. Najua tu kwamba hizo saa si za Mkungu.

Kompyuta yangu nimeiweka ndani ya begi lako, nimeizungushia gauni la kanisani. Usinirudishie. Mkungu haimo tena humo ndani, nimeifuta mimi mwenyewe jana ulipokuwa mtoni, pamoja na nakala zote. Ilichukua muda mfupi, nilishangaa.

Halafu nikafanya jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nakujua. Utakuwa umekaa dukani, mteja hakuna, utasikia kwamba Mkungu imekuwa nyeupe, na mkono utakuwasha. Utasema ni dakika tano. Utajaribu kuingia kwenye seva kuitengeneza, kwa neno la siri tulilokuwa nalo, litakataa, maana nimelibadilisha. Utajaribu jina la mama yako. Utajaribu siku yako ya kuzaliwa, utajaribu la jogoo. Usijichoshe, mwanangu, wala usinipigie kuniuliza. Nilifumba macho nikabonyeza ovyo, vitufe vingi, nikakubali, na sikuandika popote. Hata mimi siwezi kuingia tena.

Mama yako,
Skola